Jina la Baba: Lazima

Muntu akikuambia kwamba kungoja ni kukaa tu, mwambie aende Ngungu, katika milima ya Masisi, amuulize Régine Kampire. Miaka mitatu huyo mwanamuke alingoja, na hakukaa hata siku moja. Alikamua ngombe, alipeleka maziwa depo, alilima viazi, alimutunza mama mukwe wake Mukashema ambaye magoti yalishamukatalia kilima. Na juu ya hayo yote alikuwa na kazi ya ofisi ambayo watu wa nyumbani hawakujua kuieleza. Walisema tu: Kampire anaandikia mashini.

Na hawakukosea. Vita vilipotawanya watu, shirika moja dogo lilifungua chumba nyuma ya depo ya maziwa, kwa ajili ya wale wanaotafutana. Ngungu kulikuwa na muandishi, Omate muandishi, Ntoto muandishi, kila mumoja na simu yake na sahani yake ya jua ya kuichaji. Unafika, unasema jina lako, uko wapi, unamutafuta nani, na yote yanaingia katika daftari moja kubwa lililo ndani ya mashini. Ukitaka kuuliza, unapiga namba moja tu. Lakini anayekujibu si muntu. Ni mashini yenyewe inayoongea, Swahili safi, sauti ya taratibu ya muntu anayesoma misa, na Archange, kijana wa Goma aliyeitengeneza, aliiita ajenti.

Ajenti inasikiliza shida yako, kisha inachagua kifaa. Kuna kifaa cha kutafuta muntu, kuna cha kuandika muntu mupya, kuna cha kupeleka ujumbe. Vifaa hivyo Archange alikuwa amevitengeneza mwenyewe na vilikuwa vinafanya kazi vizuri. Kilichokosekana ni maelezo. Ajenti haioni kifaa, inasoma tu kile kilichoandikwa juu yake: kinafanya nini, kinataka nini, wakati gani kiachwe, na kikishindwa watu wajibiwe nini. Archange alijua programu, lakini watu wa kule hakuwajua sana. Njo maana walimutafuta Kampire, aliyefundisha masomo ya musingi miaka minane.

«Andika kama unaandikia mugeni,» Archange alimwambia siku ya kwanza. «Mugeni mwenye akili nyingi, mwenye kutii kabisa, na hajui kitu cha kwetu hata kimoja. Kile hukuandika, kwake hakiko.»

Kampire aliipenda hiyo kazi, na tuseme ukweli, aliijua. Archange alicheka kwa furaha alipoona ukurasa wa kwanza, akasema kuna mainjinia wenye diploma zao wasioweza kuandika hivyo. Kwa kile kifaa cha kutafuta, aliandika hivi:

«Kifaa hiki kinatafuta muntu mumoja katika daftari. Kipe mambo matatu: jina lake, jina la baba yake, mahali alizaliwa. Ukitafuta mwanamuke aliyeolewa, kipe jina la bwana yake na jina la baba ya bwana yake. Jina la baba: lazima. Kama halifanani, usitoe habari yoyote. Jibu: Hatujamupata. Usichoke kuuliza.»

Alikuwa na sababu ya kuwa mukali. Kule kwetu si kila anayekutafuta anakutakia mema, na majina yanafanana ovyo. Ukimupa muntu Munyakazi asiye wake, umeumiza watu wawili. Ukimupa muntu mubaya Munyakazi mwenyewe, unaweza kuua. Kwa hiyo aliandika lazima, akapiga mustari chini yake.

Bwana yake aliitwa Munyakazi. Alienda Omate kuchimba madini, akasema ni miezi sita tu, apate mitamba miwili, kwa sababu katika kundi lote la nyumba ile vita viliacha ngombe tatu. Kisha barabara zikafungwa, simu yake ikanyamaza, na miezi sita ikawa miaka. Kampire alimukosa vibaya sana. Alikosa sauti yake ikiita ngombe kutoka juu, alikosa ile tabia yake mbaya ya kula amesimama, alikosa hata ugomvi. Kuna siku alijikuta anaongea naye peke yake wakati wa kukamua, anamupasha habari za ndama. Hakuona haya. Alikuwa na kiu ya muntu wake, basi.

Kila juma ya kwanza, ndiyo Jumatatu, kazi ikiisha, alipiga ile namba kama muntu yeyote. Ajenti haikumujua. Ilimuuliza jina, akasema. Ilimuuliza mahali, akasema. Ilimuuliza jina la baba.

Sasa mimi nitalitaja, kwa sababu mimi siko mukamwana wa kule: baba yake Munyakazi aliitwa Sebarenzi. Kampire hawezi. Katika jamaa za wafugaji wa ile milima, mwanamuke aliyeingia nyumba kwa ndoa hatamuki jina la baba mukwe, awe hai ao amekufa. Mapadri walishaongea wakachoka. Wasichana wa muji wanacheka. Lakini kule juu bado iko hivyo, na wanawake wa nyumba ile walimuita marehemu Mwenye Kilima. Hata Mukashema muke wake, wa kizazi kilichokataza hata jina la bwana, aliyekaa naye miaka arobaini na sita, alimuita Papa Munyakazi mupaka siku ya kumuzika.

Kwa Kampire ile desturi ilikuwa imegeuka kitu kingine. Picha za arusi zilichomeka na nyumba ya kwanza. Mutoto hawakupata. Muntu akimuuliza nini inaonyesha kwamba ana bwana, angeonyesha nini? Lakini kila siku aliyolimeza lile jina, alijua kwamba yuko muke wa muntu. Hilo njo lilikuwa limebaki mukononi.

Basi kila juma ya kwanza aliambia mashini: Munyakazi, mwana wa Mwenye Kilima, wa Ngungu. Najua utasema, ee, huyu si ndiye aliyeandika maelezo, alikosaje kuona? Usiharakishe kumucheka. Akiandika alikuwa mwalimu, akiuliza alikuwa muke, na mudomo ulienda njia iliyozoea. Kwake yeye Mwenye Kilima lilikuwa jina la yule muzee, kama vile mukono ni mukono. Na mashini ilimujibu kwa maneno yake mwenyewe: Hatujamupata. Usichoke kuuliza. Akakata simu, akapanda kilima.

Kisha kukawa na habari ya Blandine. Huyo ni mufanyabiashara wa Butembo, mwenye duka la vitenge karibu na depo, na alikuwa anamutafuta kaka yake, dereva wa lori aliyepotelea upande wa Walikale. Blandine alipiga asubuhi, akataja jina la baba yao bila kukohoa, na saa kumi alikuwa anaongea na kaka yake. Alifika ofisini na kasha la Fanta, anaimba. Kampire alimukumbatia, akanywa naye, akafurahi kweli. Kisha akaenda nyuma ya depo kati ya mabidoni ya maziwa, akalia kwa wivu. Aliona haya kwa wivu huo, lakini alilia mupaka ukaisha.

Majuma matatu baadaye Archange akapiga simu, na sauti yake ilikuwa na mashaka. Alikuwa ameangalia hesabu za mwaka muzima. Wanaume wanapata watu wao. Akina mama wa Butembo wanapata. Lakini wake za watu kutoka milima ya Masisi, zaidi ya sitini walipiga, na waliopata ni watatu. Alitaka kujua kama ni Swahili ya ajenti hawaisikii. Akamutumia kurasa ambamo ajenti, kabla ya kufanya kitu chochote, inaandika inafanya nini na kwa sababu gani. Akamuomba azisome kwa macho ya mwalimu.

Kampire alisoma. «Mama anasema baba ya bwana yake anaitwa Yule wa Ngambo. Hakuna baba wa jina hili. Nimefuata maelezo.» Ukurasa wa pili: «Mama anasema Muzee wa Mashamba. Hakuna. Nimefuata maelezo.» Ukurasa mwingine: «Mama amenyamaza. Nimeuliza mara tatu. Maelezo yanasema lazima. Nimejibu: Hatujamupata.» Akatafuta namba yake mwenyewe, akaikuta.

«Mama anasema Mwenye Kilima. Munyakazi waliozaliwa Ngungu: saba. Wenye baba anayeitwa Mwenye Kilima: hakuna. Nimefuata maelezo.»

Saba. Mustari ule ule, juma baada ya juma, mara sabini na kitu. Mashini ilikuwa imeshika Munyakazi saba kila mara na kila mara ikawarudisha mahali pao, kwa sababu mwalimu Kampire aliandika lazima akapiga mustari. Hakulia. Alikasirika sana, na hakuwa na muntu wa kumukasirikia.

Alipomueleza Archange, kijana akauliza kwa nini hakuiandika ile desturi tangu mwanzo. Kampire akamuuliza yeye: unaandika namna gani kitu ambacho huoni kama unakifanya? Archange akakubali. Mama yake mwenyewe hatamuki jina la baba mukwe wake, akasema, na hata yeye hakuwahi kuliwaza.

Ilimuchukua Kampire siku nzima kuandika upya. Maneno yake ya mupya ni haya:

«Akina mama wa milima hawataji jina la baba mukwe. Wanalijua, na hawakufichi. Ni heshima ya nyumba. Watakupa jina lingine, ao watanyamaza. Usiwalazimishe, na usichukue hilo jina lingine kama jina la kweli. Uliza kama karibu yao kuna muntu anayeweza kulitaja. Kama hayuko, uliza kanisa bwana yake alipobatizwa, na majina ya ndugu zake. Kisha usijibu Hatujamupata. Mupigie muandishi wa kule, yeye amuulize mwenye jina. Mupaka mwenyewe akubali, usitoe habari.»

Maelezo mazuri, lakini kwake yalikuwa na shida. Katika daftari la zamani hakuna mahali pa kanisa wala pa ndugu. Ili kumujua wake kati ya wale saba bila jina la baba, waandishi wangetumwa mumoja mumoja, wengine wako mahali rezo ya simu inafika mara moja kwa juma, na Munyakazi wenyewe wanahama kila siku. Ingechukua miezi. Jina lingechukua dakika. Archange akamwambia, kwa upole kweli, amutajie tu, yeye atapiga kule Goma, hakuna atakayejua. Kampire alifungua mudomo, akaufunga. Akamwambia atamupigia kesho.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, mchana, alikaa mulangoni pa nyumba na simu. Mukashema alikuwa uani, anaosha kibuyu cha maziwa. Kampire alijiambia kwamba kuandika si kutaja, kwamba mudomo na kidole si kitu kimoja. Hakujiamini hata kidogo. Kama nikiliandika, aliwaza, nimetoka katika nyumba hii kwa mukono wangu mwenyewe, na kama bwana yangu amekufa, nitakuwa nimetoka bure. Lakini kuendelea kulimeza na huku yeye iko mahali fulani amehesabiwa kati ya saba, hilo nalo lilimushinda. Aliandika herufi ya kwanza katika ujumbe kwa ajenti. Aliandika zote. Akatuma.

Alichosahau ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuandika, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma, kwamba ajenti irudilie majina kwa sauti kabla ya kutafuta. Na simu ilikuwa wazi, kwa sauti kubwa. Ile sauti ya taratibu ikasema, uwanja muzima ukasikia: «Unamutafuta Munyakazi, mwana wa Sebarenzi, wa Ngungu. Ni kweli?»

Mukashema aliweka kibuyu chini. Kampire aliomba ardhi ipasuke. Mama mukwe akauliza ni muntu gani amesema jina hilo katika nyumba yake. Kampire akapiga magoti hapo hapo kwenye majani, akaeleza yote, maelezo, wale saba, zile juma za kwanza zote, na akasema kwamba si mashini iliyokosa, ni kidole chake. Yule mama alikaa amekodoa macho kwenye simu, na simu ilikuwa inangoja vilevile.

«Mwambie arudilie,» Mukashema akasema.

Kampire hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa. Tangu siku katekista aliposoma jina kaburini, hakuna mudomo uliolitaja katika nyumba ile, na mwenyewe Mukashema hakuwa na ruhusa ya kulitaja. Akabonyeza. Sauti ikasema tena, Munyakazi mwana wa Sebarenzi, na yule mama akajifunika uso kwa kitenge na kubaki humo muda murefu. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, na aliongea kama muntu anayetuma mutoto maji. Akasema sasa wamujibu huyo muntu wa ndani ya simu, wasimungojeshe. Kampire akaiambia ajenti kwamba ni kweli, njo yeye anayemutafuta.

Ajenti ilipata mumoja. Aliandikwa Omate, kisha akahamia Ntoto, na Ntoto njo alipo. Anamutafuta muke wake Régine Kampire na mama yake Mukashema. Amekuja kuuliza mara nne. Mara nne amejibiwa: Hatujamupata. Usichoke kuuliza. Mara ya mwisho ni miezi kumi na moja iliyopita, na muandishi wa Ntoto aliongeza mustari: amesema hatauliza tena.

Kampire alijua mara moja. Siku alipojiandika yeye mwenyewe na mama mukwe wake katika daftari, mahali pa baba ya bwana yake aliweka Mwenye Kilima. Munyakazi alikuwa akitaja jina la kweli, la baba yake, na mashini ikamwambia kwa heshima kwamba watu hao hawako. Alikuwa amekuja kwa miguu, labda siku nzima, na sauti iliyomufukuza ilikuwa na maneno ya muke wake. Alichoka kuuliza. Nani asingechoka? Usiku huo na kesho yake Kampire hakukula.

Muandishi wa Ntoto aliitwa Straton, muuzaji wa chumvi na mafuta ya ngazi, yale ya mawese, na siku ya soko alikuwa anapanda mahali rezo inashika. Siku hiyo wakamupata. Kampire na Mukashema walikaa kwenye benchi ya depo, simu kati yao. Straton alimujua Munyakazi vizuri. Akasema iko na shamba la mihogo na karanga upande wa pili wa muto, amekonda lakini iko na afya. Akasema pia, na hapo alishusha sauti, kwamba mwaka jana alinyoa kichwa, akaomba misa kwa watu wawili, mama na muke, akakaa matanga siku tatu peke yake kwa sababu hakuwa na ndugu wa kukaa naye. Atamuita, akasema. Wapige tena baada ya saa mbili.

Saa mbili hizo nisizieleze. Mukashema alisali rozari, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kampire alitazama barabara tu, matope matupu, barabara ambayo hata leo haifiki Ntoto bila kupita kwa watu wenye bunduki.

Walipopiga, Straton alisema Munyakazi iko hapa, amesimama karibu yangu, lakini amekataa kushika simu. Mara mbili tayari kuna wanawake waliomupigia na jina la muke wake, wanalia, wanaomba inite za simu, na mara ya kwanza aliamini. Sasa anasema wafu hawapigi simu. Anataka jambo moja tu.

«Anasema, kama uko Kampire kweli, utaje jina la baba yake.»

Kampire alishika simu kwa mikono miwili. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, siku mbili lilikuwa linazunguka kichwani mwake kwa ile sauti ya mashini. Lingemugharimu nini? Lilishasemwa uani, lilishaandikwa kwa kidole chake, na huyo muntu iko kule anangoja, neno moja tu, asije akageuka akashuka kwenye mihogo yake. Alimutazama Mukashema. Mukashema alikuwa anaangalia chini na hakumusaidia kitu. Ulimi wake ukaenda mupaka mahali pa kusema, ukasimama, ukakataa kabisa.

«Siwezi,» akasema. «Mwambie mimi niko mukamwana wa ile nyumba. Siwezi kulitaja. Alitaje yeye.»

Alisikia Straton anarudilia maneno hayo kwa muntu wa pembeni, moja kwa moja, bila kupunguza. Kisha sauti za kule tu. Upepo, kuku wa muntu, muntu anayeshusha muzigo. Kisha hata hizo zikapotea, akafikiri rezo imekatika. Akaondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

Simu ilikuwa imehama mukono. Muntu alikuwa anapumua ndani yake.

«Régine,» Munyakazi akasema. «Mimi nilishakuzika.»